Kabla Hujaacha Kula: Mambo ya Kuzingatia

Cha kwanza kuamua ni muda. Kukaa bila kula saa 8 hadi 12 kwa ajili ya kipimo cha damu ni jambo moja, kukaa siku nzima ni jingine, na siku tano ni jingine kabisa. Tofauti haiko kwenye uvumilivu wako. Kadiri saa zinavyokwenda mwili hubadilisha mahali unapochota nguvu, na kila badiliko huja na dalili zake na hatari zake. Wengi hujiandaa kupambana na njaa peke yake, wakati njaa ndiyo tatizo dogo kuliko yote yanayofuata.

Mpangilio wenyewe uko hivi. Kwa saa chache baada ya mlo wa mwisho mwili hutumia sukari iliyotoka kwenye chakula hicho. Sukari ya damu ikianza kushuka, kongosho hupunguza insulini, homoni inayoshusha sukari, na kuongeza glukagoni, homoni inayoliamuru ini kuachia glaikojeni, yaani sukari iliyowekwa akiba. Akiba ya ini ni ndogo, kama gramu 100 kwa mtu mzima. Misuli inayo nyingi zaidi, lakini haina kimeng'enya cha kuirudisha kwenye damu, hivyo huitumia yenyewe. Ubongo nao unahitaji takribani gramu 120 za glukosi, yaani sukari ya damu, kila siku. Piga hesabu: baada ya siku moja hivi ini limekaribia kuishiwa.

Hapo ini huanza kutengeneza glukosi mpya kutokana na asidi za amino, yaani vipande vya protini, zinazotolewa kwenye misuli, na kiasi kingine hutokana na mabaki ya mafuta yanayovunjwa. Wakati huohuo hugeuza sehemu ya mafuta kuwa ketoni, ambazo ubongo unaweza kuzitumia badala ya sukari. Tafiti za George Cahill na wenzake wa Harvard, miaka ya 1960, zilionyesha kwamba mtu akikaa wiki kadhaa bila kula, ketoni hubeba karibu theluthi mbili ya mahitaji ya ubongo. Kwa njia hiyo misuli hupata nafuu: protini inayovunjwa kwa siku, ambayo mwanzoni hufika kama gramu 75, hushuka hadi kama gramu 20. Lakini nafuu hiyo haiji mara moja. Siku ya pili na ya tatu ndizo ngumu kwa watu wengi, kwa sababu akiba ya sukari imekwisha na ketoni bado hazijatosha. Basi usizipangie safari ya kuendesha gari, mtihani, kazi ya juu ya ngazi wala mazoezi mazito.

Sasa jiulize kama unastahili kufunga hata kidogo. Mjamzito, anayenyonyesha, mtoto, mtu mwembamba kupita kiasi, na yeyote aliyewahi kupata maradhi ya kujinyima chakula au kula na kujitapisha, hawa wasijaribu. Mtoto hasa: ubongo wake ni mkubwa ukilinganisha na mwili, akiba ya ini lake ni ndogo, na sukari yake huanguka mapema mno. Mwenye gauti, ugonjwa wa viungo unaoletwa na asidi ya yuriki, ajue kwamba ketoni zinashindana na asidi ya yuriki kutoka kupitia figo, kwa hiyo asidi hiyo hupanda kwenye damu na maumivu ya viungo yanaweza kuamka. Anayepungua uzito kwa kasi naye yuko karibu zaidi na mawe kwenye kibofu cha nyongo.

Dawa zinahitaji kikao cha peke yake na daktari, siku kadhaa kabla, wala si asubuhi ya siku yenyewe. Insulini na vidonge vya kisukari kama glibenklamidi hushusha sukari uwe umekula au hujala. Bila chakula vinaweza kumwangusha mtu mpaka apoteze fahamu. Kuna vidonge vingine vya kisukari vinavyotoa sukari kupitia mkojo, na kwa mtu asiyekula vinaweza kusababisha asidi kulundikana kwenye damu ingawa kipimo cha sukari hakionyeshi kiwango cha kutisha. Dawa za presha, hasa zile za kukojoza, hukutana na mwili ambao tayari unapoteza maji na chumvi. Dawa za maumivu kama ibuprofeni huchubua tumbo tupu. Usiache dawa kwa uamuzi wako, na usiendelee nayo kwa mazoea; uliza kila moja kwa jina, kipimo chake na saa yake.

Maji na chumvi ndiyo sehemu inayopuuzwa kuliko zote. Kila gramu ya glaikojeni huhifadhiwa pamoja na gramu kama tatu za maji, na glaikojeni ikitumika maji hayo huachiliwa. Insulini ikishuka, figo nazo huruhusu sodiamu nyingi itoke, na maji huifuata. Ndiyo sababu mizani hushuka haraka siku za mwanzo, na ndiyo sababu mtu akisimama ghafla huona giza machoni. Sehemu kubwa ya kilo hizo si mafuta, na zitarudi. Tena, kiasi kikubwa cha maji tunachopata kila siku kimo ndani ya chakula, kwa hiyo kunywa kiasi chako cha kawaida hakutoshi. Lakini kunywa maji matupu mengi kwa mkupuo nako kunazimua chumvi ya damu. Kunywa kidogo kidogo kutwa nzima, na kama mfungo wako unazidi siku moja, muulize daktari kuhusu chumvi. Kama mfungo wako hauruhusu hata maji, muda wake lazima uwe mfupi sana, na joto na kazi nzito viepukwe.

Kama unakunywa kahawa au chai kila siku, anza kupunguza wiki moja kabla. Maumivu ya kichwa ambayo watu hudhani ni ya njaa mara nyingi ni ya kukosa kafeini, nayo huanza kati ya saa 12 na 24 baada ya kikombe cha mwisho. Njaa yenyewe huja kwa mawimbi: homoni ya ghrelini hupanda saa ulizozoea kula, kisha hushuka hata kama hukula chochote. Utahisi baridi pia, na hasira za karibu, na usingizi wa mang'amung'amu. Usilichukulie hilo kama udhaifu wa tabia. Mwaka 1944 na 1945, Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota aliwapunguzia chakula vijana 36 wenye afya kwa miezi sita, na ingawa walikuwa wanakula kila siku, wengi walizama kwenye huzuni, wakakereka ovyo, na mawazo yao yakawa chakula tu. Waambie unaoishi nao mapema.

Waambie pia lini wakuzuie. Kuchanganyikiwa, kuzimia, moyo kupiga bila mpangilio, kutapika kusikokoma, kutetemeka na jasho la ghafla, mkojo kuwa kidogo na mweusi: dalili yoyote kati ya hizo inamaliza mfungo papo hapo. Mtu ambaye sukari imemwanguka mara nyingi hajitambui, hivyo uamuzi huo usibaki kwake peke yake.

Hupenda watu kumtaja Angus Barbieri wa Scotland, aliyekaa siku 382 bila chakula kigumu mwaka 1965 na 1966. Wanachokiacha ni kwamba alikuwa na uzito wa kilo 207 alipoanza, alikuwa chini ya madaktari wa mji wa Dundee, na alipewa vitamini na potasiamu. Usimfanye kipimo chako.

Jambo la mwisho ndilo ningekuomba ulipange la kwanza: utakavyoanza kula tena. Chakula kikirudi, insulini hupanda na kuyasukuma madini ya fosfeti, potasiamu na magnesiamu yaingie ndani ya seli. Mwili uliokaa siku nyingi bila kula hauna akiba ya kutosha, kwa hiyo kiwango chake kwenye damu huanguka, na moyo unaweza kupoteza mpigo wake. Madaktari waliliona hilo kwa mateka waliokombolewa katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, waliokufa baada ya kupewa chakula cha kutosha. Mwongozo wa kitabibu wa Uingereza unasema aliyekula kidogo sana au kutokula kabisa zaidi ya siku 5 aanzishiwe si zaidi ya nusu ya mahitaji yake kwa siku 2 za kwanza. Afanye hivyo akiwa na mtaalamu, na apewe thiamini (vitamini B1) kabla ya wanga. Kwa mfungo wa siku moja hatari hiyo haipo, ila tumbo litakusumbua ukilijaza kwa pupa. Andaa mlo mdogo kabla hujaanza kufunga, ukiwa umeshiba na akili imetulia. Miguu ikivimba kidogo siku zinazofuata, figo zimeanza kushika chumvi tena. Ikivimba sana, au pumzi zikibana, nenda hospitali siku hiyohiyo na uwaambie ulikaa siku ngapi bila kula.