Kuvu wa mizizi ya mgunga: namna ya kuwazalisha mwenyewe kwa ajili ya kitalu

Kila mvua zikikaribia huku Shinyanga napokea swali lilelile: miche ya mgunga ilinawiri kitaluni, ikahamishiwa shambani, na kiangazi cha kwanza kikaimaliza. Nimekosea wapi? Nimeshajibu kwa simu, kwa ujumbe, hata mnadani nikiwa nanunua mbuzi. Leo naandika yote mahali pamoja, na atakayeniuliza tena nitamwelekeza hapa.

Tuelewane kwanza. Mizizi ya mgunga haihangaiki peke yake. Ndani yake wamo kuvu wasioonekana kwa macho, nao hutoa nyuzi zinazotambaa udongoni kwenda mbali kuliko mizizi inavyofika. Ushirika huo wataalamu wanauita mikoriza. Nyuzi hizo ni nyembamba kuliko hata vinyweleo vya mzizi, kwa hiyo hupenya kwenye vitundu ambamo mzizi hauingii, zikauletea mti fosforasi na kuusaidia kupata maji. Mti nao huwalisha kuvu sukari na mafuta. Porini kuvu hawa wamejaa. Kwenye udongo uliochimbwa shimoni, mita moja kwenda chini, ni wachache mno. Mche ukilelewa humo kwa samadi na maji ya kila siku, unakwenda kukutana na jua ukiwa hauna mwenzake.

Kazi yetu ni kuwachukua kuvu hawa chini ya mgunga, kuwazalisha kwenye mizizi ya mtama ndani ya ndoo, kisha kuwatia kwenye viriba vya miche. Hatua zenyewe:

1. Tafuta mti mama. Uwe mgunga wenye afya, mahali pasipolimwa, kwa sababu jembe hukatakata nyuzi za kuvu. Mimi huchukua kwenye ngitili, yaani eneo la malisho lililotengwa lipumzike, kwa ruhusa ya mwenye nayo. Ngitili nyingi zilizorudishiwa uhai baada ya HASHI, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, kuanza mwaka 1986 ni hazina kwa kazi hii. Ondoa majani makavu, chimba kati ya sentimita 5 na 25, fuata mizizi myembamba kama uzi wa kushonea, uichukue pamoja na udongo wake. Chota kidogokidogo kwenye miti mitano au sita, usiumalize mti mmoja. Usichukue karibu na bustani ya nyanya au bamia: utabeba minyoo fundo, ile midogo inayovimbisha mizizi, na kuisambaza kitalu kizima.

2. Chemsha mchanga wa mtoni kwa mvuke kwenye nusu pipa, saa mbili. Kesho yake rudia.

3. Changanya debe moja la udongo wa mgunga na madebe manne ya mchanga uliopoa, ujaze ndoo zenye matundu chini.

4. Panda mtama, mbegu isiyopakwa dawa. Mbegu za dukani zenye rangi nyekundu au kijani huwa na dawa ya kuua kuvu, na hao ndio tunaowafuga.

5. Mwagilia, na USIWEKE MBOLEA YA FOSFORASI. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo nisikilizeni. Mwaka wangu wa kwanza, wiki ya tano, majani ya mtama yalianza kugeuka zambarau kuanzia ncha, yakashuka pembeni mwa ukanda wa jani mpaka karibu na shina. Nilijua ni njaa ya fosforasi. Huruma ikaniingia, nikaweka kijiko cha DAP, mbolea yenye fosforasi nyingi, kwenye kila ndoo. Siku kumi baadaye mtama ulikuwa wa kijani kibichi, mnene, na kila aliyepita alinisifu. Nikavuna mizizi yake pamoja na mchanga, nikavitia kwenye viriba 400 vya mgunga. Miche hiyo haikutofautiana hata kidogo na ile isiyowekwa kitu, na shambani ilikufa vilevile. Nililia, kwa sababu nusu yake nilikuwa nimewagawia majirani nikiwaahidi itahimili. Sababu ni hii: mmea ukipata fosforasi ya kutosha mlangoni, hauna haja ya kumlisha kuvu. Hupunguza sukari, kuvu hudhoofika, na spora, yaani mbegu zao, hazitengenezwi za kutosha. Mtama wenye zambarau kidogo ndio unaofanya kazi. Samadi ya kuku nayo ina fosforasi nyingi, kwa hiyo isikaribie ndoo. Ukiona mtama unataka kufa kabisa, weka yurea, mbolea isiyo na fosforasi, kiasi cha ncha ya kijiko cha chai kwenye maji lita tano, basi.

6. Baada ya miezi mitatu hadi minne, acha kumwagilia kwa wiki mbili. Ukavu huo huwasukuma kuvu kutengeneza spora. Kata mashina, mwaga ndoo, katakata mizizi vipande vya sentimita moja, changanya na mchanga wake. Anika kivulini. Bati la moto litaua ulichokitunza miezi minne.

7. Loweka mbegu za mgunga kwenye maji yaliyotoka kuchemka, ziache mpaka kesho. Kwenye kiriba fukia vijiko viwili vya chakula vya mchanganyiko, sentimita tatu chini ya mbegu, ili mzizi ukishuka upite humo. Kuunyunyiza juu ni kuupoteza.

Uliobaki hifadhi kwenye mfuko wa khaki mahali pakavu penye ubaridi, na utumie kabla mwaka haujaisha.

MASWALI

Mwana-Meatu: Mkuu somo zuri. Je DAP kidogo tu inaruhusiwa?

Jibu: Hatua ya 5.

Mwana-Meatu: Nimeona, ila namaanisha kidogo sana.

Jibu: Ndugu yangu, kijiko kimoja kwa ndoo ndicho kilichoniulia miche 400. Hapana.

Kitalu Maswa: Kaka, mimi sikuwa na mtama nikapanda mchicha, na ndoo nyingine kabichi. Naona mizizi mizuri tu.

Jibu: Mizizi itakuwa mizuri, lakini kuvu hutawapata. Mchicha, kabichi na sukuma wiki ni katika mimea michache isiyoshirikiana nao. Usitupe udongo wako, panda mtama au mahindi kwenye ndoo hizohizo, uanze kuhesabu upya.

Haraka Haraka: Mbona unatuzungusha na mandoo? Nimeng'oa mche wangu nimekuta vinundu kwenye mizizi, kwa hiyo kuvu wapo.

Jibu: Sizungushi mtu. Vinundu ni nyumba za bakteria wanaonasa naitrojeni hewani, na mgunga unao wote wawili. Pasua kinundu: ukikuta rangi ya waridi ndani, bakteria wanafanya kazi. Kuhusu kuvu hakikuambii kitu.

Mwalimu wa Sayansi: Shikamoo mzee. Ningependa wanafunzi wangu wawaone kuvu hawa kwa macho yao. Tuna hadubini moja na kemikali chache. Inawezekana?

Jibu: Marahaba mwalimu, inawezekana kabisa, na swali lako limenifurahisha. Chukua mizizi myembamba ya mtama, ioshe. Ichemshe taratibu kwenye potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10 mpaka ibaki kama kioo. Hiyo uishike wewe, si watoto, maana inaunguza ngozi na macho. Suuza mara kadhaa. Kisha changanya mililita 5 za wino mweusi wa kalamu na mililita 95 za siki nyeupe, chemsha mizizi humo dakika tatu, uiloweke dakika ishirini kwenye maji yenye matone ya siki. Ukikuza mara 100 utaona nyuzi zimeshika wino ndani ya mzizi, vifuko vya mviringo, na ukibahatika vichaka vidogo vyenye matawi ndani ya seli. Hapo ndipo kuvu na mmea wanapopeana. Waambie vichaka vya namna hiyo vimeonekana ndani ya visukuku vya mimea huko Rhynie, Scotland, vyenye zaidi ya miaka milioni 400, kwenye mimea ambayo hata mizizi ya kweli haikuwa nayo.

Mwalimu wa Sayansi: Ahsante sana. Je, wino wowote?

Jibu: Kuna unaoshika na usioshika. Jaribu aina mbili kwenye mizizi michache kwanza.

Mama Uyoga Urambo: Kaka habari. Sisi huku tunaokota uyoga chini ya mitundu. Walipokata miti kwa mkaa, msimu uliofuata hatukupata kitu. Ndiyo haohao kuvu?

Jibu: Nzuri dada yangu. Ni kuvu wa mizizi pia, ila ukoo mwingine. Hawa wa mtundu, mtondo na mkongo hawaingii ndani ya seli. Huuvika mzizi kama soksi, na baadhi yao hutoa uyoga, kama ule wa rangi ya machungwa mnaouza barabarani. Mti unapokatwa sukari inakatika, na uyoga unaondoka. Ndiyo maana haulimiki kwenye mabua kama uyoga wa dukani.

Mama Uyoga Urambo: Na ule mkubwa wa kwenye kichuguu? Wenyewe bado tunaupata.

Jibu: Ule mlezi wake ni mchwa, wanamlisha kuvu wake ndani ya kichuguu, kwa hiyo haukutegemea mtundu ule. Vichuguu msivibomoe.

Kitalu Maswa: Basi nikitaka miche ya mtundu nitumie ndoo za mtama?

Jibu: Hapana, mtama haumpokei kuvu wa mtundu. Chukua udongo wa juu chini ya mtundu wenyewe, sehemu moja kwa nne za udongo wa kiriba, upande mbegu ikiwa mbichi. Dada wa Urambo akuonyeshe mti ambao bado unatoa uyoga, uchimbe hapo.