Kuandika wosia mzee akiwa bado na nguvu: somo la hatua kwa hatua

Somo hili linahusu familia za Tanzania Bara. Nimeliandaa kwa sababu wosia wa babu yangu, ulioandikwa kwa mwandiko safi kwenye karatasi mbili za daftari, ulikataliwa mahakamani: mashahidi wake wawili walikuwa baba yangu mkubwa na baba yangu mdogo, na wote wawili walikuwa wametajwa humo kuwa warithi.

Hatua ya kwanza ni kuorodhesha mali. Kaeni na mzee bila haraka, mwandike mashamba, nyumba, mifugo, akaunti, akiba ya SACCOS, na madeni pia. Nyumba au shamba lililochumwa na wanandoa wawili lina sehemu ya mume au mke wa mzee, na mtu hawezi kuusia kisichokuwa chake.

Hatua ya pili ni kujua sheria itakayotumika, kwa kuwa mahakama hutazama maisha ambayo marehemu aliyaishi. Anayefuata sheria ya Kiislamu huusia kisichozidi theluthi moja ya mali yake baada ya madeni na gharama za mazishi, tena kwa asiyekuwa mrithi, isipokuwa warithi wengine wakiridhia. Sehemu inayobaki hugawanywa kwa mafungu yaliyowekwa.

Hatua ya tatu ni kuandika kwa wino usiofutika. Andikeni tarehe, tamko kwamba mzee ana akili timamu na hakushurutishwa na mtu, jina la atakayesimamia mirathi, na nani apewe nini. Shamba litajwe kwa mipaka yake, kwa mfano kutoka mwembe mkubwa hadi korongo, kwa sababu maneno “shamba la juu” yatakuja kugombaniwa na wajukuu.

Hatua ya nne, yaani mashahidi, ndiyo inayoangusha nyosia nyingi. Chini ya sheria ya mila, kwa tamko la serikali la mwaka 1963 lililoiweka sheria hiyo katika maandishi, wosia wa maandishi wa mtu anayejua kusoma na kuandika unahitaji mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Asiyejua kusoma na kuandika anahitaji wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Mashahidi wenyewe wawe wanajua kusoma na kuandika, na mrithi asiwe shahidi, ila mke au wake waliopo nyumbani wakati huo nao hushuhudia. Wote wawepo kwa wakati mmoja, wamwone mzee akitia saini au dole gumba, kisha watie saini zao. Kuizungusha karatasi nyumba kwa nyumba ni kujitafutia kesi.

Hatua ya tano ni kuhifadhi. RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini wa serikali, hupokea na kutunza wosia, na wakili vilevile. Mtu mmoja mwaminifu aambiwe ulipo, kwani wosia usioonekana hauna msaada.

Maswali niliyoulizwa

*Shikamoo mwalimu. Baba anataka kumnyima urithi kaka yetu aliyemtelekeza alipougua. Inaruhusiwa?*

Marahaba, mwanangu. Sheria ya mila inaruhusu kwa sababu maalumu, na kutomtunza mzazi wakati wa ugonjwa au njaa ni mojawapo. Hata hivyo baba ataje wazi katika wosia kwamba anamnyima na aeleze sababu, na kaka yenu apewe nafasi ya kujieleza. Kumruka tu jina lake hakutoshi.

*Mama amebadili mawazo kuhusu kiwanja. Aukate mstari ule?*

Hapana, dada yangu. Mstari uliokatwa huleta shaka juu ya nani aliyeukata. Aandike wosia mpya wenye tarehe mpya, atamke kwamba anaufuta ule wa zamani, na mashahidi watimie upya kama mara ya kwanza.

*Mama alinipa hati ya uwakilishi na kadi yake ya benki ili nimlipie matibabu. Akifariki, naweza kutoa fedha za mazishi?*

Pole kwa uuguzi, ndugu yangu. Mamlaka ya hati hiyo hukoma pale pale anapofariki aliyeitoa, hata kama namba ya siri unaijua. Kuanzia hapo fedha ni za mirathi, na anayeweza kuzigusa ni msimamizi aliyethibitishwa na mahakama. Kwa hiyo zungumzeni mapema gharama za mazishi zitatoka wapi, mama naye akiwepo akiwasikia.