Kurekebisha Bunduki ya Hewa kwa Nguvu, Usahihi na Idadi ya Risasi

Wengi wanaoanza kurekebisha bunduki ya hewa iliyoshindiliwa hukimbilia nguvu, na matokeo yake huwa ni kupoteza usahihi pamoja na risasi kadhaa katika kila ujazo wa tangi. Mambo haya matatu yanagombea hewa ileile, kwa hiyo nashauri usahihi utangulie na nguvu iwe ya mwisho.

Kabla ya kushika bisibisi, hakikisha mtutu hauna risasi na umeelekea mahali salama. Usilegeze kamwe skrubu inayozuia hewa wakati tangi bado lina shinikizo, kwani baa 200 ni karibu mara 200 ya shinikizo la hewa inayotuzunguka, na kipande kinachochomoka kwa nguvu hiyo kinaweza kuua. Fahamu pia sheria inayokuhusu: Uingereza, kwa mfano, bunduki ndefu ya hewa ambayo risasi yake hutoka na nguvu inayozidi takriban jouli 16.3 (jouli ni kipimo cha nishati) huhitaji cheti cha silaha.

Usahihi huanzia kwenye mtutu. Pitisha pamba polepole kwenye ukingo wa mdomo wake. Nyuzi zikinasa mahali, hapo pana kikwaruzo kinachoisukuma risasi pembeni inapotoka. Kaza skrubu za kitako na za darubini, kisha jaribu aina nne au tano za risasi kwa makundi ya kumi kumi, bunduki ikiwa imeegemezwa vizuri. Kila mtutu una risasi yake unayoipenda, na hakuna marekebisho ya springi yatakayofidia risasi isiyoukubali.

Sasa weka kronografu, kifaa cha kupima kasi ya risasi, maana bila hicho utakuwa unabahatisha. Ndani ya bunduki, nyundo inayosukumwa na springi hugonga shina la vali, na vali hufunguka kwa kitambo kidogo sana kupitisha hewa. Ikiwa bunduki ina kidhibiti cha shinikizo, yaani kifaa kinachoipa vali hewa yenye shinikizo lilelile kila risasi, kaza springi robo mzunguko, piga risasi tano, andika kasi, kisha rudia. Kasi itapanda hadi ifike mahali igome kupanda, na kuanzia hapo kila mkazo unaoongeza ni hewa inayomwagwa bure. Hata sauti hubadilika, ikawa na mvumo mrefu baada ya mlio. Legeza mpaka kasi ishuke asilimia 3 hadi 5 chini ya kilele. Kama kilele ni mita 270 kwa sekunde, tulia kwenye 260 hivi: risasi ya gramu 1.03 bado itabeba karibu jouli 35, na tangi litakupa risasi nyingi zaidi.

Bunduki isiyo na kidhibiti hutaka subira zaidi. Tangi likijaa mno, shinikizo huibana vali hata nyundo ikashindwa kuifungua vya kutosha, ndiyo maana risasi za kwanza huenda polepole. Kasi hupanda shinikizo linapopungua, halafu hushuka tena. Piga kuanzia ujazo kamili, ukiandika kasi na kipimo cha geji kila baada ya risasi chache, kisha chagua sehemu ambayo kasi haitofautiani kwa zaidi ya mita 10 kwa sekunde. Mwanzo wa sehemu hiyo ndio ujazo wako wa kweli, hata kama tangi linaruhusu zaidi. Ukilegeza springi, sehemu hiyo huhamia kwenye shinikizo la chini.

Ukihitaji nguvu zaidi baada ya hayo, jaribu kwanza risasi nzito kidogo, ambayo katika bunduki za namna hii mara nyingi huongeza jouli bila kuongeza kasi. Risasi zenye kiuno huanza kuyumba zinapokaribia kasi ya sauti, nami sipendi kuzivusha mita 280 kwa sekunde. Ukipandisha shinikizo la kidhibiti bila kuvuka kiwango cha mtengenezaji, rudia zoezi la springi tangu mwanzo, kisha lenga darubini upya, kwa kuwa risasi haitatua tena pale ilipokuwa ikitua.