Somo: Kutoa tathmini ya jumla kwa Kiingereza

Ndugu zangu mnaoandika ripoti za korosho au kutembeza wageni Mikindani, kuna swali lisilokwepeka: kwa ujumla unaonaje? Kiingereza kina vifungu vyake vya kulijibu, kama "overall" na "on the whole". Twende taratibu.

Hatua ya kwanza, pima. Mzigo umefika ghalani: punje zimejaa, rangi safi, ila magunia machache yana unyevu. Kama huna zuri na baya la kupima, achana na vifungu hivi. "Overall, this bag is wet" inachekesha. Gunia limelowa, basi.

Hatua ya pili, chagua kifungu. Hapa tukae kidogo. Zuri likizidi na kasoro unazikubali, sema "On the whole, the nuts are good, though a few bags are damp." "All in all" hukusanya yaliyokwisha kutajwa, kwa hiyo usianze nayo ripoti. "All things considered" ina huruma ndani yake: mvua imewakuta wakulima wameanika, nawe unalizingatia hilo unaposema "All things considered, they did well." "By and large" inasemea hali ya kawaida: "By and large, farmers here dry their nuts properly." Hii ni ya mabaharia, wakisifia chombo kinachokwenda vizuri kikibisha na kikisukumwa na upepo wa nyuma. Watu wa pwani hamhitaji kuelezwa zaidi. Ukisita, andika "overall". Haina makuu.

Hatua ya tatu ni fupi: kifungu kikianza sentensi, weka mkato, kisha toa uamuzi mmoja ulio wazi.

MASWALI

Mwanachama, Masasi: Shikamoo mwalimu. "In overall" ni sahihi?
Marahaba. Hapana, "overall" inajitegemea. Ukiitaka sana hiyo "in", sema "in general". Na wale wa "all and all", ni "all in all".

Mwanachama, Nachingwea: Na "after all"? Naisikia sana watu wakifungia hoja.
Hiyo haijumlishi kitu. Inamkumbusha mtu sababu aliyoisahau: "Don't blame the farmer. It rained, after all." Au inaonyesha jambo limekuwa kinyume na ulivyotarajia: ulidhani lori haliji, likaja, "The lorry came after all." Ukiiweka mwanzoni mwa tathmini yako, msomaji atatafuta sababu asiione.

Mwanachama, Kilwa Masoko: Mimi huwaambia wageni "in conclusion".
Iache kwenye insha na hotuba. Umemzungusha mtu Kilwa Kisiwani, mmefika Msikiti Mkuu, unamwambia "In conclusion, it is beautiful", atadhani unamuaga. "In short" nayo hufupisha maneno tu, kupima haipimi.

Mwanachama, Newala: Mwalimu, "in a nutshell", yaani ndani ya ganda la kokwa, si yetu sisi wa korosho?
Hapana, mwanangu, nayo ni ya kufupisha. Kwenye ripoti ya korosho iepuke, mnunuzi atadhani unamfanyia mzaha.