Maoni ya sheria ya wahamiaji yanayosomwa

Mimi ni msaidizi wa kisheria, Buguruni, Dar es Salaam. Wenzangu wakitaka sera ya wahamiaji ibadilike huandika kurasa kumi za "serikali iheshimu utu". Nani atazisoma? Kamati ya Bunge inapoita maoni, peleka ukurasa mmoja.

Anza na kifungu. Fungua Sheria ya Uhamiaji ya Tanzania ya 1995, chagua kimoja tu. Chini yake eleza tukio: kijana wa Ethiopia aliyekuwa akielekea Afrika Kusini ametia dole gumba kwenye maelezo ya Kiswahili asichokijua, hakuna aliyemtafsiria. Jina lake usiliandike.

Kisha andika maneno mapya unayotaka yaingie, neno kwa neno: "Mkalimani awepo tangu mahojiano ya kwanza." Hapo ndipo wengi hukwama, wanalalamika halafu wanaaga.

Egemea Katiba kabla ya mikataba ya nje. Ibara ya 13(6)(a) inampa mtu yeyote haki ya kusikilizwa kikamilifu na kukata rufani, si raia peke yake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1990 kuhusu wafanyakazi wahamiaji utaje mwishoni, sentensi moja.

Nakala nyingine mpe mbunge wako mkononi, akiwa jimboni.