Kuchambua kampuni ya viatu kabla ya kununua hisa zake: anzia ghalani

Niliuza viatu Kariakoo miaka tisa kabla sijanunua hisa hata moja ya kampuni ya viatu. Mwaka mmoja nilishusha yeboyebo za rangi ya chungwa, zikaisha ndani ya wiki tatu. Nikaagiza mzigo mara mbili ya ule. Huo haukutoka. Maboksi yalifika darini, panya wakazalia humo, na kila mwisho wa mwezi kodi ya stoo ilinisubiri. Daftari langu lilionyesha faida ileile kwa kila jozi niliyouza, na ndiyo maana nilichelewa kushtuka. Zilizoniumiza ni jozi ambazo sikuuza, na hizo kwenye hesabu ya faida hazikuonekana.

Leo hesabu za kampuni ya viatu nazisoma kwa jicho hilohilo. Mfano wetu ni Crocs ya Colorado, Marekani, wenye vile viatu vya povu vya matundu, inayouzwa soko la Nasdaq kwa alama ya CROX. Imepanda, ikaanguka, ikafufuka, ikajikwaa tena, na vitabu vyake viko wazi kwa yeyote mwenye intaneti.

Hatua ya 1: Shusha ripoti ya mwaka

Kampuni za Marekani zinazouza hisa kwa umma hupeleka ripoti ya mwaka, fomu ya 10-K, kwa tume inayosimamia masoko ya hisa, SEC. Zote zimo kwenye hazina yake ya mtandaoni iitwayo EDGAR, bure. Ruka picha na maneno ya mkurugenzi, nenda kwenye majedwali matatu: mapato na matumizi, mizania (mali na madeni), na mtiririko wa fedha. Chukua ya miaka mitano, maana mwaka mmoja haukuambii kitu.

Angalia pia mwaka wa hesabu unaisha lini. Wa Crocs unaisha Desemba. Wa Deckers, kampuni yenye viatu vya UGG na HOKA, unaisha Machi 31. Ukiwalinganisha bila kuliona hilo, utakuwa unapima msimu wa baridi wa mmoja na kiangazi cha mwenzake.

Hatua ya 2: Hesabu siku za ghala

Hapa ndipo ninapomaliza nusu ya muda wangu. Kwenye mizania, sehemu ya juu karibu na fedha taslimu, kuna mstari wa bidhaa zilizopo ghalani. Kwenye jedwali la mapato kuna gharama ya bidhaa zilizouzwa. Gawanya cha kwanza kwa cha pili, zidisha kwa 365. Jibu ni siku ambazo mzigo uliopo ungechukua kuisha kwa mwendo wa mauzo ya mwaka huo.

Tufanye. Crocs iliingia sokoni Februari 2006 kwa dola 21 kwa hisa. Mwisho wa mwaka huo ilikuwa na bidhaa za dola milioni 86 hivi ghalani, na gharama ya mauzo ilikuwa milioni 154. Hiyo ni siku 204. Mwaka 2007 mauzo yalipaa kutoka dola milioni 355 hadi 847, na kila mtu akashangilia. Ghala nalo likafika milioni 248 dhidi ya gharama ya milioni 350: siku 259. Yaani walikuwa wanauza kwa kasi, lakini wanajaza stoo kwa kasi zaidi. Matokeo ya robo ya tatu ya mwaka yalipotoka mwisho wa Oktoba 2007, hisa ilipoteza zaidi ya theluthi ya bei kwa siku moja. Mwaka 2008 kampuni ilipata hasara ya dola milioni 185, na Novemba mwaka huo hisa iliyokuwa imegusa dola 75 ilikuwa inauzwa chini ya dola 1.

Sasa chukua 2024. Bidhaa ghalani milioni 356, gharama ya mauzo karibu milioni 1,690. Siku 77.

Kinachonifanya nisiache kuwasimulia watu hesabu hii ni kwamba faida ghafi ya 2007 na ya 2024 zinakaribiana kabisa: katika kila dola 100 za mauzo, karibu dola 59 zilibaki baada ya kulipia kiatu chenyewe. Aliyeangalia faida ghafi peke yake angesema ni kampuni ileile. Ghala linasema ni kampuni mbili tofauti.

Tahadhari moja: siku za ghala hupanda kwa sababu njema pia, kwa mfano kampuni inapojaza mzigo kabla ya ushuru mpya. Ndiyo maana soma aya inayoeleza mstari huo. Wakisema mzigo ni wa msimu ujao, subiri robo mbili uone kama kweli ulitoka.

Hatua ya 3: Elewa kiatu kinatengenezwaje

Usinunue hisa kwa kuwa mtaani kila mtu kavaa. Allbirds ilikuwa miguuni mwa vijana wote wa teknolojia kule California. Iliingia sokoni Novemba 2021 kwa dola 15, na kufikia 2024 hisa ilikuwa chini ya dola moja.

Jiulize kiatu kina vipande vingapi. Cha ngozi kina kisigino, soli, bitana, gundi, uzi, na saizi za wanawake na wanaume mbalimbali. Kile cha Crocs ni povu linalomiminwa kwenye kalibu, na umbo moja huvaliwa na mke na mume. Aina chache za mzigo maana yake ni makosa machache ya kuagiza. Halafu kuna vile vidude vya kuchomeka kwenye matundu, Jibbitz, biashara waliyoinunua 2006. Kidude kimoja kidogo, hakina saizi, hakichukui nafasi. Mwenye duka atanielewa.

Hatua ya 4: Tenganisha chapa moja moja

Jumla huficha mgonjwa. Mauzo ya kampuni nzima 2024 yalikuwa dola bilioni 4.1, yamekua kwa takriban 3.5%. Pole pole, lakini salama? Fungua jedwali la chapa. Crocs yenyewe ilikua karibu 9%, ikafika bilioni 3.28. Chapa ya pili, HEYDUDE, ilishuka kutoka milioni 949 hadi 824, yaani 13%.

HEYDUDE ni kiatu chepesi cha kitambaa, na Crocs ilikinunua kwa dola bilioni 2.5, dili lililotangazwa Desemba 2021 na kukamilika Februari 2022. Ukuaji wa kununua hupendeza mwaka wa kwanza, kwa sababu mauzo ya mwenzako yanaongezwa kwenye yako. Baada ya hapo ndipo utajua ulinunua nini. Robo ya pili ya 2025 kampuni ilifuta thamani ya HEYDUDE kwenye vitabu kwa dola milioni 737, ikaingia hasara. Hisa ikashuka karibu 30% siku ya matokeo.

Dalili ilikuwepo. Chapa ikianza kushuka mauzo miaka miwili tu baada ya kununuliwa kwa bei ya juu, kufutwa kwa thamani kunakuja. Usichojua ni robo ipi.

Angalia pia nani anauza. Crocs huuza karibu nusu yenyewe, madukani na mtandaoni, na nusu kwa jumla. Mauzo ya jumla yanahesabiwa mzigo unapotumwa au unapopokelewa na mwenye duka, hata kama utakaa kwenye rafu yake mwaka mzima. Stoo ya kampuni inaweza kuwa safi kwa sababu uchafu umehamia kwa wateja wake.

Hatua ya 5: Deni, na pesa inakwenda wapi

Haraka haraka. Kununua HEYDUDE kuliwaacha na mikopo ya zaidi ya dola bilioni 2. Mwisho wa 2024 ilikuwa imeshuka hadi bilioni 1.35 hivi. Hilo napenda. Kwenye mtiririko wa fedha utaona pia wananunua hisa zao wenyewe: mwisho wa 2018 zilikuwa milioni 73 hivi mikononi mwa watu, mwisho wa 2024 milioni 56. Faida ikibaki ileile, fungu la kila hisa linakua. Kwa hiyo usisifie faida kwa hisa bila kuangalia faida nzima.

Crocs hailipi gawio, yaani mgao wa faida kwa wenye hisa. Kwa Mtanzania au Mkenya hilo si baya, maana nchi zetu hazina mkataba wa kodi na Marekani, na gawio lingekatwa 30% kabla halijakufikia.

Hatua ya 6: Bei

Mwisho wa 2024 hisa ilikuwa karibu dola 110, faida iliyorekebishwa (bila mambo ya mara moja) dola 13.17 kwa hisa. Gawanya: unalipa mara nane na kidogo ya faida ya mwaka. Ni rahisi mno kwa kampuni yenye faida kama ile, na urahisi huo ulikuwa taarifa. Soko lilikuwa linaitilia shaka HEYDUDE na umri wa mtindo wenyewe. Walionunua kwa sababu ya mara nane tu, Agosti 2025 waliikuta rahisi zaidi.

Hatua ya 7: Andika sababu ya kuuza kabla hujanunua

Iandike kwenye karatasi, kwa namba, ukiwa bado huna hata hisa moja na kichwa kimetulia. Yangu kwa Crocs ni mistari miwili: siku za ghala zikivuka 110 huku mauzo ya chapa ya Crocs yenyewe yakishuka robo mbili mfululizo, nauza nusu siku hiyohiyo. Maelezo ya mkurugenzi nitayasoma jioni.