Ukitaka kumhoji mzee aliyeingia Kampala mwaka 1979

Nafundisha Historia sekondari huku Muleba, wilaya yenye makaburi ya mashujaa ya Kaboya, na huwatuma wanafunzi wangu kwa wazee waliopigana Vita vya Kagera, vita vya Tanzania na Uganda ya Idi Amin vya 1978 hadi 1979. Wengi hunirudishia ukurasa wenye maneno yale yale: uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Hayo ni maneno ya Mwalimu Nyerere ya Novemba 1978. Mzee ameyarudia kwa kuwa ameulizwa swali la mkutano wa hadhara, naye akajibu kwa lugha ya mkutano wa hadhara. Kama unataka akueleze alichokiona kwa macho yake, na hasa siku Kampala ilipotwaliwa, ujiandae kabla hujabisha hodi.

Anza na karatasi ya manila. Chini kabisa andika Mutukula, mji wa mpakani upande wa Uganda, ambao jeshi la Tanzania, JWTZ, liliuteka tarehe 21 Januari 1979. Panda juu: Masaka, iliyoanguka 24 Februari, kisha Lukaya, kisha Mpigi. Kulia chora ukingo wa Ziwa Victoria na kwenye rasi yake uweke Entebbe. Juu, Kampala. Kutoka Masaka hadi Kampala ni kama kilomita 130 za lami, na pale Lukaya barabara inakatiza kwenye bwawa pana la mafunjo. Paka bwawa hilo rangi usije ukalisahau, maana kwa maoni yangu Kampala ilianza kuanguka pale, mwezi mzima kabla.

Kilichotokea ni hiki. Tarehe 10 Machi Brigedi ya 201, yenye mgambo wengi ambao hawajawahi kusikia mlio wa kifaru, ilishambuliwa Lukaya na majeshi ya Amin yakisaidiwa na Walibya. Ikavurugika, watu wakarudi nyuma kila mtu na njia yake. Lakini Brigedi ya 208 ilikuwa imekwisha kutumwa kuzunguka bwawa kwa mbali upande wa kaskazini-magharibi. Alfajiri ya tarehe 11 ikatokea upande ambao adui hakuutazamia, huku ya 201 ikijikusanya na kupiga kutoka mbele. Lukaya ikarudi mikononi mwa Watanzania. Baada ya hapo jeshi la Uganda halikusimama tena kwa nguvu ile kwenye barabara hiyo. Kwa hiyo mzee akikuambia "mimi Kampala sikufika, niliumia Lukaya," usifunge daftari. Huyo amepigania Kampala.

Sasa chora Kampala yenyewe, na uichore kama vilima, usiichore kama mitaa: Rubaga, Namirembe, Mengo, Makindye, Nakasero, Kololo. Askari aliye kwenye mteremko mmoja haoni yanayotendeka kwenye mteremko wa pili. Kisha weka mishale mitatu. Wa kwanza unatoka magharibi, njia ya Mpigi: Brigedi ya 207 ya Brigedia John Walden, aliyejulikana kwa jina la Black Mamba. Wa pili unatoka kusini, njia ya Entebbe: Brigedi ya 208 ya Brigedia Mwita Marwa, iliyoitwaa Entebbe tarehe 7 Aprili. Wa tatu unazunguka kaskazini: Brigedi ya 201, kazi yake kufunga njia za huko. Zote ziko chini ya Divisheni ya 20 ya Meja Jenerali David Musuguri, na pamoja nazo wamo wapiganaji wa Uganda wa UNLF, umoja uliozaliwa kwenye mkutano wa Moshi mwezi Machi.

Barabara ya mashariki, ya kwenda Jinja, iache bila mshale.

Hapo wanafunzi hudhani nimesahau. Sikusahau, na Mwalimu naye hakusahau. Njia ile iliachwa wazi kwa makusudi ili Walibya watoke. Walikuwa wamekwisha kupata kipigo kikubwa Entebbe, na Nyerere hakutaka kuwaua wengine wala kumdhalilisha Gaddafi zaidi mbele ya Afrika nzima. Tena askari aliyeachiwa mlango hapiganii kila ukuta, na mji wenye raia wengi kiasi kile haukufaa kupiganiwa nyumba kwa nyumba. Gharama yake ni kwamba askari wengi wa Amin nao walipita hapo hapo na bunduki zao, na vita vikaendelea mpaka mpakani mwa Sudan, vikaisha tarehe 3 Juni. Mimi naona ulikuwa uamuzi sahihi. Nimewahi kukaa na wazee wawili kwenye benchi moja, mmoja akiusifu, mwenzake, aliyepigana huko mbele hadi mwisho, akisonya. Andika yote mawili, pamoja na kusonya.

Ukishakuwa na karatasi hiyo, nenda. Nenda asubuhi au jioni, usiende saa za shamba. Shikamoo kwanza, na kama unajua alistaafu na cheo, "shikamoo afande" humfurahisha kuliko zawadi. Akikupa buni za kutafuna, pokea utafune, usiziweke mfukoni. Mweleze unafanya nini, nani atasoma, na kama jina lake litaandikwa au la. Simu usiitoe kurekodi mpaka aseme sawa. Akikataa kuzungumza, umekwisha kupata jibu lako. Salimia watu wa nyumbani uondoke vizuri. Wapo ambao hawajawasimulia hata wake zao.

Swali la kwanza lisiwe "mlimpigaje Nduli Amin?" Uliza: "Mzee, ulitembea au ulipanda gari?" Karibu wote wa kikosi cha miguu watakuambia walitembea, na hapo ndipo mdomo hufunguka: viatu, malengelenge, mzigo, njaa, ndizi zilizoiva kwenye mashamba yaliyoachwa, mvua ya Aprili. Nayo si maneno ya kupitisha muda. Jeshi la Amin lilizoea kushika barabara kwa magari. La Tanzania lilipita porini kwa miguu na kutokea ubavuni. Malengelenge ya mzee wako ni mbinu za kivita zilizosimuliwa kuanzia chini.

Kisha mwulize batalioni yake, na upande wa jua. "Asubuhi mlipoanza kusonga, jua lilikuwa usoni au mgongoni?" Aliyetoka Mpigi kuelekea mjini jua la asubuhi lilimpiga usoni. Ukiongeza na alichokiona, ziwa au vilima, utajua umweke kwenye mshale upi. Mzee wa Brigedi ya 201 anaweza kukuambia hakuona mapigano mjini, alikaa kwenye kizuizi cha barabarani akisubiri. Mzee wa Batalioni ya 19, ile ya Luteni Kanali Ben Msuya iliyopenya hadi katikati ya mji, atakuwa na hadithi nyingine kabisa: askari waliotoka vijijini wakijikuta katikati ya maghorofa wasiyoyajua, wakikitafuta kituo cha redio. Usiwagombanishe. Usiseme "lakini mzee wa jana alisema hivi."

Tarehe usimwulize kwa namba. Mwaka ule Pasaka iliangukia tarehe 15 Aprili, na kwa Wakristo wa Kagera hii ni kalenda tosha. Entebbe ilitwaliwa mkesha wa Jumapili ya Matawi. Mashambulizi ya Kampala yalianza Jumanne ya Juma Kuu, na Jumatano, tarehe 11, Luteni Kanali Oyite-Ojok wa wapiganaji wa Uganda akatangaza kwenye Redio Uganda kwamba utawala wa Amin umeondolewa. Yusuf Lule aliapishwa kuwa rais Ijumaa Kuu. Kwa hiyo uliza: "Mlipoingia, Pasaka ilikuwa imepita?" Kwa mzee Mwislamu, Maulidi ya mwaka ule ilikuwa Februari, kabla ya Masaka kuanguka, itakusaidia kupanga mambo ya mwanzo wa safari, si ya mwisho.

Kina mama nao wana sehemu yao. Waliobaki huku walisikia kwa Redio Tanzania, na mama anajua ni siku gani habari ilifika, nani alipiga vigelegele na nani alikaa kimya kwa sababu wa kwake hajaandika barua. Kama una ndugu upande wa Uganda, na huku wengi tunao, waulize waliokuwa Kampala. Watakusimulia watu walivyomiminika barabarani kuwashangilia askari, halafu maduka yakavunjwa.

Habari ya uporaji iulize mwisho, na uiulize kwa upole: "Baada ya shangwe, mji ulikuwaje?" Kisha nyamaza. Ukiuliza "nani aliiba?" mahojiano yamekwisha. Hivyo hivyo na Nakasero, makao ya ile idara ya usalama ya Amin ambamo watu waliteswa na kuuawa. Aliyeingia mle huenda akaanza sentensi na asiimalize. Usimmalizie.

Usiku ule ule, kabla ya kulala, gawa ukurasa wa daftari lako safu mbili wima: alichokiona, alichokisikia. "Tuliona ndege ya Walibya ikipigwa Entebbe ikitaka kuruka" inakaa kushoto kama alikuwa ya 208. Kama alikuwa njia ya Mpigi siku ile, inakaa kulia, hata kama aliisimulia vizuri kuliko aliyeiona. Ndege hiyo, C-130, kweli ilipigwa; swali ni nani aliiona. Kiswahili chake cha kambini kiache kama kilivyo. Akisema "tulipiga kwata hadi Mpigi," usimwandikie "tulitembea kwa muda mrefu."

Baada ya wiki mbili hivi rudi na ulichoandika umsomee kwa sauti, karatasi ya manila ikiwa imetandazwa mezani. Mpe kalamu. Akisogeza mshale, usifute wa kwanza; chora wa pili pembeni kwa rangi nyingine, andika tarehe na jina la aliyeusogeza, na nakala moja uiache nyumbani kwake.